Tunataka sherehe ya harusi yetu ichangie wodi ya watoto njiti: tupangeje ili isiingiliane na michango ya kamati?

Binti wa Uyole (Mbeya) anauliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu wa rika langu nawasalimu.

Mimi na mchumba wangu tunatarajia kufunga ndoa hapa Mbeya baada ya mavuno. Kwao ni Makambako na kwetu ni Uyole, kwa hiyo wageni watatoka pande zote mbili, na wazee wa pande zote mbili wana kauli katika kila jambo. Kamati imekwisha kupitisha bajeti na inakutana kila Jumapili alasiri. Kadi za mchango zimeanza kugawiwa, ya mtu mmoja ikiwa Sh 50,000 na ya watu wawili Sh 100,000, na mweka hazina anapokea fedha kwa simu na kwa mkono huku katibu akiandika kila jina katika daftari na kulirusha kwenye kundi la WhatsApp ili kila mchangiaji aone kwamba chake kimefika.

Dada yangu alijifungua mapacha kabla ya wakati katika hospitali moja ya wilaya, sehemu yenye baridi kali. Wodi ya watoto njiti ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda vichache, na kuna usiku ambao akina mama wawili walilala kitanda kimoja, kila mmoja akiwa amemfunga mwanawe kifuani kwa khanga. Wauguzi walijitoa kwa kila walichokuwa nacho, na watoto wale wawili leo wanatembea. Kwa sababu hiyo tunatamani sana sherehe yetu iache kitu katika wodi ile, na sote wawili tumelikubali hilo bila ubishi.

Ugumu uko kwenye njia. Mchumba wangu anaona tutenge asilimia kumi ya michango yote ya harusi, kisha mshereheshaji atangaze kiasi hicho ukumbini. Mama mkubwa anashauri tuwaombe wageni wasilete vyombo wala mashuka, na badala yake watie bahasha kwa ajili ya wodi. Rafiki zangu wanataka tuweke sanduku mlangoni. Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mtu wa busara na ninamheshimu, ametueleza wazi kwamba ana hofu, kwa sababu ahadi zilizotimizwa hazijafika hata nusu ya bajeti, na watu wakisikia mchango wa pili watadhani kamati imeishiwa na inatafuta mlango wa nyuma.

Naomba mnisaidie mambo haya. Je, ni uungwana kuchukua sehemu ya fedha ambazo watu wametoa kwa ajili ya harusi? Ikiwa tutachangisha ukumbini, tufanye wakati gani na kwa namna gani ili asiyekuwa nacho asione aibu? Na hospitali ya serikali hupokeaje mchango wa aina hii?

Mwenyekiti wa Siku Nyingi (Kihesa, Iringa) anajibu:

Marahaba mwanangu, na hongereni kwa nia hiyo. Nimeongoza kamati za harusi tangu enzi ambazo michango ililetwa kwa bahasha na mjumbe alitembea nyumba kwa nyumba na daftari lake kwapani, kwa hiyo nitaanza na swali lako la kwanza, kwa sababu likikosewa hilo hayo mengine hayatakuwa na nafasi ya kurekebishwa.

Mchango wa harusi kwetu ni deni la heshima linalozunguka. Mtu anayekuchangia Sh 50,000 leo ama alichangiwa na baba yako alipomwoza binti yake, ama anatarajia mkono wenu utakapofika wakati wake, na ndiyo sababu majina yanaandikwa na daftari linatunzwa hata baada ya sherehe kupita. Fedha ile ameitoa kwa kazi inayojulikana, yaani chakula, ukumbi, gari, mapambo na mavazi. Ukichukua asilimia kumi yake ukaipeleka hospitali bila kumuuliza, hata kama kazi ni njema kiasi gani, umemtolea sadaka kutoka mfukoni mwake bila ridhaa yake. Wapo watakaofurahi, na wapo ambao hawatasema neno ukumbini lakini watalisema nyumbani, na mwaka ujao ndugu yako akipeleka kadi atajibiwa kwa upole kwamba hali ni ngumu.

Liko pia jambo la hesabu. Kamati nyingi huingia siku ya sherehe zikiwa na deni kwa mpishi au kwa mwenye ukumbi, zikitegemea ahadi za dakika za mwisho. Nimeshuhudia kamati moja ikitangaza zawadi kubwa kwa kituo cha watoto wakati mpishi alikuwa bado anadai, na mpishi yule alisimama mlangoni mbele ya wageni kudai haki yake. Kwa hiyo deni la harusi lilipwe kwanza, lote. Kama kutakuwa na bakaa, ijadiliwe siku ya kuvunja kamati, wakati wajumbe wamesomewa mapato na matumizi. Bakaa hiyo mara nyingi huishia kwenye mbuzi na vinywaji vya wajumbe wenyewe, na sioni kwa nini mjumbe mmoja asiinue mkono akapendekeza iende wodini, kwa sababu hapo wenye mamlaka juu ya fedha wapo na wanaamua wenyewe.

Kwa mchango wenyewe wa wodi, fungueni fungu la pili kabisa lenye daftari lake, namba yake ya kupokelea na watu wake. Mchague mtu mmoja wa upande wa bwana harusi, mmoja wa upande wa bibi harusi, na wa tatu asiyekuwa mjumbe wa kamati, kwa mfano mzee wa kanisa au mwalimu anayeaminika na pande zote. Fedha zisiingie kwenye simu yako wala ya mchumba wako. Akaunti ya kikundi benki inayohitaji saini mbili ndiyo salama zaidi, na kama muda hautoshi, itafutwe lipa namba ambayo haijawahi kupokea mchango wa harusi.

Kadi za mchango umesema zimekwisha kutoka, basi msiziguse. Tumieni kadi ya mwaliko, ambayo hutoka baadaye. Chini kabisa, kwa herufi za kawaida, andikeni hivi: «Maharusi wametenga fungu la hiari kwa ajili ya wodi ya watoto njiti. Atakayejaliwa anaweza kuchangia kwa namba iliyo hapa. Fungu hili halihusiani na mchango wa harusi, na mwaliko wako umekamilika bila hilo.» Sentensi ya mwisho msiiache kwa namna yoyote, kwa sababu ndiyo inayompa mgeni uhuru wa kutoa au kutotoa. Na kabla kadi hazijachapwa, wazazi wa pande zote mbili waelezwe ana kwa ana, wala wasije wakalikuta jambo hili kwenye simu kama wageni wengine.

Muuguzi wa Wazazi (Makete) anajibu:

Dada, nimesoma swali lako kwa furaha kubwa. Nafanya kazi katika wodi ya wazazi huku Makete, ambako mwezi Juni na Julai umande huganda mashambani na chumba kisicho na kipasha joto humtesa hata mtu mzima aliyevaa koti. Nitaeleza upande wa hospitali, kwa sababu wachangiaji wengi hufika kwetu wakiwa na moyo mzuri na vitu ambavyo hatuwezi kuvitumia.

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za mimba kutimia, ana ngozi nyembamba na mafuta machache chini yake, kwa hiyo hupoteza joto upesi. Akipoa, nguvu za kunyonya hupungua, sukari ya mwilini hushuka na kupumua huwa kwa taabu. Kumbeba kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tunayoiita huduma ya kangaruu, kulianzishwa kama mpango wa hospitali huko Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 na daktari Edgar Rey Sanabria, kwa sababu mashine za kuwapasha watoto joto hazikutosha. Leo si tiba ya waliokosa mashine tu. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanataka mtoto njiti na mtoto mwenye uzito mdogo aanze kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Sasa mfikirieni mama aliyejifungua jana, pengine kwa upasuaji, anayetakiwa kukaa nusu wima saa zote hizo akiwa na mtoto kifuani, juu ya kitanda kilichonyooka na godoro lililobonyea katikati. Anachokihitaji ni kitanda kinachoinuka upande wa kichwa, au kiti imara cha kuegemea, pamoja na blanketi zito. Mtoto anahitaji kofia na soksi za sufu, kitenge au kitambaa laini cha kumfungia, na vikombe vidogo vya kulishia maziwa yaliyokamuliwa kama hawezi kunyonya. Wodi inahitaji mizani ya kidijitali inayosoma gramu, kwa sababu mtoto wa kilo moja na nusu akiongezeka gramu 20 ni habari njema ambayo mizani ya kawaida haiwezi kuionyesha. Vitu hivi havina sura ya kupendeza ukumbini, lakini huanza kutumika siku ileile vinapofika.

Wachangiaji wengi huwaza inkubeta, yaani ile mashine ya kumpasha mtoto joto. Ni mashine nzuri, lakini inataka umeme usioyumba, fundi wa vifaa tiba, na vipuri ambavyo huenda havipatikani hapa nchini, na nimewahi kuona mashine ya msaada ikiwa imefunikwa shuka stoo kwa kukosa kipuri kimoja. Vilevile kifaa tiba kinachoingizwa kutoka nje ya nchi kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo jamaa aliye ng'ambo asiambiwe anunue na kutuma kabla hospitali haijaulizwa.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu. Andikeni barua kwa mganga mfawidhi, mkieleza ninyi ni nani, mnakusudia nini na mnatarajia kukabidhi lini, na mwombe muuguzi kiongozi wa wodi awape orodha ya mahitaji kwa mpangilio wa umuhimu. Mkiamua kutoa fedha, msimpe mtumishi yeyote mkononi, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Ombeni namba ya malipo ya serikali, mlipie benki au kwa simu, na stakabadhi ibaki kwenu. Mkiamua kununua vifaa, nunueni kwa vipimo mlivyoandikiwa, na siku ya kukabidhi hakikisheni hati ya makabidhiano imesainiwa na pande mbili na kila kitu kimeingizwa kwenye leja ya stoo. Baada ya wiki chache mna haki ya kupita kuuliza vifaa viko wapi. Hatuchukii kuulizwa.

Ombi langu la mwisho linahusu picha. Msije wodini na mpigapicha wa harusi. Mama wa kangaruu yuko kifua wazi, amechoka, na hana nguvu ya kumkatalia mtu aliyemletea blanketi. Habari za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama kusingekuwa na sheria, heshima inatosha. Waje watu wawili, wanawe mikono na wakabidhi kwenye ofisi ya muuguzi kiongozi. Ukumbini mnaweza kuonyesha picha ya kitanda kinachohitajika, au dada yako mwenyewe azungumze dakika mbili kama ataridhia.

Mnadi wa Tukuyu (Rungwe) anajibu:

Kwa upande wa namna ya kuchangisha ukumbini, naomba niutetee mnada, kwa sababu watu wetu wa nyanda hizi wameuzoea tangu utotoni. Ibada ya mavuno ikiisha, iwe kwa Walutheri au kwa Wamoraviani, waumini hutoka nje na kupanga mikungu ya ndizi, kuku, miwa, maboga na maparachichi, na mnada huanza hapohapo. Mtu hununua jogoo kwa Sh 20,000, halafu anasema mrudisheni mnadani, na jogoo yuleyule anauzwa tena na tena. Hakuna anayehisi ameombwa, kwa kuwa kuna kitu kinachopita mkononi na kuna furaha ndani yake.

Harusi yenu ina bahati ya kuunganisha pande mbili. Waombeni wajomba wa Rungwe walete mkungu mmoja mzuri wa ndizi, ndugu wa Kyela gunia la mchele, na upande wa bwana harusi gunia la viazi kutoka Njombe. Hivyo ni vitu vitatu, na keki ndogo ya nne kama mwokaji yupo katika familia. Msizidishe hapo, maana mnada wa vitu kumi humaliza usiku.

Ufanyike baada ya kukata keki na kabla ya chakula. Watu wakisha kula wengine huanza kuaga, hasa wanaorudi Mbalizi au Tukuyu usiku, na wanaobaki wanasubiri muziki. Dakika ishirini zinatosha. Mshereheshaji wa kawaida asipewe kazi hii kama haijui; mtafuteni mzee anayenadi kanisani, anayejua kupandisha bei kwa Sh 1,000 na Sh 2,000 badala ya kuruka kwa makumi elfu, na anayejua kuacha pale anapoona watu wamefika mwisho. Jambo ambalo limefaulu sana kwetu ni kuruhusu meza nzima inunue kwa pamoja. Meza ya watu kumi ikikusanya Sh 30,000, hakuna anayejua ni nani aliyetoa elfu kumi na nani aliyetoa mia tano, na wote wanasimama pamoja kupokea mkungu wao.

Malipo yafanyike papo hapo mbele ya wale watunza fungu watatu aliowataja mzee wa Kihesa. Msipokee ahadi. Ahadi ya mnada ni ngumu kudai kuliko ya harusi, na hakuna anayetaka kumpigia simu mgeni wake kumdai fedha za ndizi alizokwisha kula.

Mama wa Mafinga (Mufindi) anajibu:

Nawaheshimu wote waliotangulia, lakini nina mtazamo tofauti na ninausema kwa upendo. Mgeni wa harusi zetu amechangia kitchen party, amechangia sendofu, amechangia harusi, amenunua kitambaa cha sare na amelipa nauli. Anapoingia ukumbini anastahili kukaa, kula na kuwafurahia watoto wake bila kuombwa tena kitu, hata kwa mnada wa kuchekesha.

Kama wodi ile iko moyoni mwenu, anzeni na bajeti yenu wenyewe. Vazi la pili la bibi harusi lina kazi gani? Shampeni tatu, maua ya kuletwa kutoka Dar es Salaam, magari ya msafara ambayo hukodiwa kwa saa mbili tu? Nendeni kwa kamati mkiwa wawili, mkasema kwamba vitu hivi viwili au vitatu tunaviacha kwa hiari yetu, na kwamba tunaomba mlijue na mliridhie. Hapo hata hoja ya mzee kuhusu fedha za wachangiaji inakuwa nyepesi, kwa sababu kilichokatwa ni starehe yenu na kamati imekiruhusu kwa kikao. Wageni wasikie baadaye, au wasisikie kabisa.

Abuu wa Mwanjelwa (Mbeya) anajibu:

Assalaam alaykum, na amani iwe kwenu nyote.

Naamini katika wageni wenu wamo Waislamu, kwa kuwa Mbeya yetu tunaishi kwa kuchanganyika, kuoleana na kuwa majirani, kwa hiyo nitaongeza mambo machache kwa upande huo. Katika mafundisho yetu, walima, yaani karamu ya ndoa, na kuwakumbuka wanyonge ni mambo yaliyofungamana. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra, na ambayo imo katika Bukhari na Muslim, chakula cha walima kinaitwa chakula kibaya kabisa pale wanapoalikwa matajiri na kuachwa maskini. Kwa hiyo mgeni Mwislamu hatashangaa kusikia wodi ikitajwa kwenye sherehe.

Ila fungu lenu liitwe mchango au sadaka, wala mshereheshaji asije akasema kwa kuwafurahisha watu kwamba mtu anaweza kulipa zaka yake hapo. Zaka ina makundi yake manane yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na anayeitoa anapaswa kujua inamfikia nani. La pili, nimeona siku hizi ukumbini wanauza tiketi za bahati nasibu, mtu ananunua namba na kungoja ashinde zawadi. Kwetu hiyo ni kamari hata kama fedha zinakwenda hospitali, na kwa sheria za nchi michezo ya namna hiyo inasimamiwa kwa leseni. Mnada hauna tatizo hilo, maana ni biashara ya wazi.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Kusitangazwe majina na viwango. Sura Al-Baqara, aya ya 264, inatuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi, na ndugu zetu Wakristo nao wanafundishwa kwamba mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Mshereheshaji anayesoma «fulani, laki mbili, fulani, elfu tano» anamsimanga wa pili mbele ya wakwe zake. Kisomwe kiasi cha jumla peke yake, mwishoni, na aliyehesabu asimame mwenyewe akiseme.

Kwako Mama wa Mafinga, nakubaliana nawe kwamba wageni wamechoka. Hata hivyo wapo wasiokuwa na zawadi ya kuleta, kwa mfano kijana ambaye amechanga kwa shida na anaona haya kufika mikono mitupu. Kwake Sh 500 anayoitia katika mchango wa meza nzima, ukitajwa kwa jina la meza, ni njia ya kushiriki.

Binti wa Uyole anarudi:

Nawashukuru sana. Nimewasomea majibu haya mchumba wangu na wazazi wangu, na jana tuliyapeleka kwenye kikao.

Suala la asilimia kumi tumeliacha, na mchumba wangu ndiye aliyeliondoa mwenyewe baada ya kusoma maelezo ya mzee wa Kihesa. Fungu la wodi litakuwa na watunzaji watatu, na wa tatu ni mwalimu mstaafu ambaye pande zote mbili zimemkubali. Maneno ya kadi ya mwaliko tumeyachukua kama yalivyoandikwa. Tumekubaliana pia na Mama wa Mafinga kwa sehemu: tumeondoa vazi la pili na msafara wa magari, kamati imeridhia kwa kauli moja, na fedha hizo ndizo zitakazofungua fungu, ili tusiwaombe wageni kitu ambacho sisi wenyewe hatujakianza. Mnada utakuwa wa vitu vitatu, kabla ya chakula. Majina hayatasomwa. Dada yangu ameomba muda wa kufikiri kama atazungumza, na hatutamsukuma.

Barua ya mganga mfawidhi tumeiandika na majibu yamekuja upesi kuliko tulivyotarajia. Wodi imeomba vitanda viwili vinavyoinuka kichwani, mizani moja na blanketi. Swali lililobaki ni hili: tukipata fedha zisizotosha kitanda cha pili, je, tuzishike hadi zitimie, au tununue vitu vingine?

Muuguzi wa Wazazi (Makete) anajibu:

Msizishike. Nunueni kitanda kimoja na mizani, na kinachobaki kimalizieni kwenye blanketi, kofia na soksi, kisha mwandike kwenye hati kwamba kitanda cha pili hakijapatikana ili hospitali iweze kukiombea kwa mchangiaji mwingine. Kofia na soksi mnaweza kuagiza kwa akina mama wanaofuma, na mwambieni mfumaji kwamba ni za kichwa kidogo sana, maana wengi hufuma kwa kipimo cha mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi tisa na zikifika zinamfunika mtoto macho.

Mwenyekiti wa Siku Nyingi (Kihesa, Iringa) anajibu:

Hapo mmepanga vizuri. Naongeza jambo moja la hesabu. Wekeeni fungu tarehe ya kufungwa, tuseme wiki mbili baada ya sherehe, na tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi, kwa sababu fungu lisilo na mwisho huzaa maneno. Makato ya kutuma na kutoa fedha yaandikwe katika daftari kama matumizi, hata yakiwa madogo, ili jumla iliyosomwa ukumbini na jumla iliyofika hospitali zikitofautiana kila mtu aone ni kwa nini. Siku ya kuvunja kamati, mwalimu wenu asome taarifa ya wodi kwanza, akiwa na stakabadhi na hati ya makabidhiano mkononi, kisha mweka hazina wa harusi asome ya kwake, na nakala za zote mbili zirushwe kwenye kundi usiku huohuo.